Maji ya Kituo cha Kumi na Moja

Tarehe 9 Aprili

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeandika mara tatu kwa sababu neno lenyewe bado silichoki. Jana muuza mkate aliniuliza mkate ni wa nani, nikamjibu kwa sauti ya duka zima kwamba ni wa mume wangu, wakati wewe uko kwenye meli na mkate tumeula mimi na mama yako. Wiki mbili za ndoa na tayari nimekuwa muongo kwa ajili yako.

Chumba chetu kiko vilevile ulivyokiacha. Shati lako la kijivu nimelitundika nyuma ya mlango, na kila nikiufunga linanipiga begani, basi naufunga mara nyingi kuliko inavyohitajika. Dirisha bado halishiki komeo. Mama anasema atamwita fundi, mimi namwambia fundi yupo, anakuja tarehe ishirini na tano.

Na huyu mama yako, nimempenda. Walinitisha kuhusu mama wakwe, kumbe wangu ananiamsha asubuhi kwa kugonga trei za chaza kama anayepiga ngoma, halafu ananiuliza bibi harusi ameota nini. Unayajua mambo ya hapa tangu utoto, lakini niache nikueleze kama mimi ndiye mwenyeji. Tuna trei sitini zinazoning'inia chini ya gati. Ndani yake ni mbegu ya chaza waliyoilea kina mama tisa wa kikundi kwa miaka miwili, kuanzia ilipokuwa kama punje ya mchele. Sasa kila chaza ni mkubwa kama ukucha wa dole gumba na trei hazitoshi. Wanabanana, wanakua wakiwa wamepinda. Ama wamwagwe mwezi ujao kwenye sakafu ya ghuba wapate nafasi ya kunenepa, ama wabaki wamening'inia mwaka mwingine na nusu yao waharibike. Mama anasema hatathubutu kumwaga mpaka idara yenu itoe tangazo kwamba maji ya chini ni mazima. Kwa hiyo wanawake tisa wanamsubiri mume wangu. Nilipowaambia kwamba anayepima ni wewe kwa mkono wako, Mama Pacha alinitazama kuanzia juu hadi chini akasema, kumbe tumepata mkwe mwenye faida.

Ila ameniaibisha. Aliniuliza unapima maji gani huko, maana bahari ni moja na maji ni maji. Tafadhali nieleze nipate cha kumjibu, na unieleze taratibu, mimi kidato cha nne jiografia nilipita kwa huruma ya mwalimu.

Na Ijumaa ile ya tarehe ishirini na tano tunatimiza mwezi mmoja. Usiponifikia siku hiyo nitakufa na nitaoza. Nimekwisha kushona pazia.

Bi Harusi wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mke wangu, Bi Harusi,

Nakuandikia ubaoni, karatasi nimeibana kwa spana isipeperuke. Chupa ya kupimia iko chini mwisho wa waya na lazima niiache dakika kumi ili kipimajoto kilichofungwa ubavuni kizoee baridi ya huko. Dakika kumi hizo nimeamua ni zako. Zikiisha naachia kipande cha chuma kinachoteleza kwenye waya mpaka chini, kinagonga kitasa, chupa inajifunga na maji ya pale pale. Chuma hicho tunakiita tarishi. Nahodha anasema tarishi ndiye mfanyakazi pekee wa meli hii asiyeomba likizo.

Mwambie Mama Pacha kwamba bahari yetu ni moja lakini ndani yake kuna koo tatu. Ni bahari ya kina kifupi, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Mahali pengi ukisimamisha jengo la ghorofa kumi paa lake litaota jua. Ukoo wa kwanza ni maji ya mto. Ni matamu, ni mepesi, yanaelea juu ya mengine na kutandaa kama mafuta. Wa pili ni maji ya bahari kuu, yanaingia kwa ule mlango mwembamba wa kusini, yana chumvi na uvuguvugu wake. Wa tatu ndio ninaoupenda, kwa sababu umezaliwa hapahapa. Majira ya baridi upepo mkavu hutoka nchi kavu na kupita juu ya maji ya kaskazini, pale penye kina kifupi zaidi. Unachukua mvuke na kuacha chumvi, unachukua joto na kuacha baridi. Maji yakishakuwa baridi na yenye chumvi yanakuwa mazito, hayawezi tena kukaa juu, yanazama. Yanatambaa polepole sakafuni mpaka kwenye bonde lililoko mbele ya ghuba yenu. Bonde hilo ndilo kituo chetu cha kumi na moja.

Jambo la ajabu ni hili. Maji hupata tabia yake yakiwa juu, yanapogusana na hewa. Yakishazama, tabia ile hayaiachi kwa miezi. Naweza kuivuta chupa moja kutoka gizani nikakwambia maji haya yalizaliwa wapi na baridi ilikuwa kali kiasi gani, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake akiwa bado mbali.

Miaka mingi upepo wa mwisho wa majira huikoroga bahari yote na kupeleka hewa mpaka chini. Lakini kuna miaka upepo haufiki na jua linawahi. Maji ya juu yanapata joto, yanakuwa mepesi, yanakaa kama kifuniko. Yale ya chini yanabaki na hewa yaliyozama nayo, na kila kilichokufa juu kinayaangukia na kuoza, na kuoza kunakula hewa. Ikiisha imeisha. Ndiyo sababu idara haitoi tangazo la chaza kabla ya kuona namba za kituo cha kumi na moja.

Tutakipima siku ya Ijumaa yenyewe, kituo cha mwisho kabla ya kurudi bandarini. Nitafika, hata kama ni kwa kuogelea. Nahodha ananipigia kelele niachie tarishi, dakika zangu zimekwisha.

Mumeo, Mpima

*

Tarehe 6 Mei

Mpima wangu,

Siku nne zile nimezikunja na kuziweka mahali ambapo hata Mama hawezi kuzipekua. Nakumbuka ulivyoingia Ijumaa jioni, viatu vimelowa. Ulinishika tu kama mtu aliyekimbizwa. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nahesabu masaa. Na komeo umelitengeneza, dirisha sasa linafunga kabisa, hata shati lako halitikisiki.

Kuna habari. Tangazo limetoka leo, limebandikwa kwenye ubao wa soko la samaki na mhuri wa idara. Maji ya chini ya bonde yana hewa ya kutosha, umwagaji wa chaza unaweza kuendelea. Mama alilisoma mara moja, akavua viatu, akacheza pale pale sokoni mbele ya wauza samaki. Mwanamke wa miaka sitini na tatu. Mama Pacha akaniambia nimwandikie mume wangu kwamba mama yake ameshikwa na wazimu na yeye ndiye aliyemwambukiza.

Wamepanga kumwaga tarehe ishirini, maji yakiwa yamekupwa. Trei zote, isipokuwa mbili za Mama Pacha ambazo chaza wake ni wadogo bado. Mimi ndiye niliyewaeleza maana ya tangazo. Nilisimama juu ya kreti nikawahubiria koo tatu za maji, mto na bahari kuu na yale mazito yaliyozaliwa kwa baridi, mpaka bibi mmoja akauliza kama na hayo maji hulipana mahari. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini baadaye Mama alinivuta pembeni. Alisema miaka yote walikuwa wanaziamini namba za watu wasiowajua, na mwaka huu kwa mara ya kwanza anaijua sura ya aliyeziandika.

Unasikia mume wangu unavyosifiwa? Nimevimba kichwa kwa niaba yako. Kikohozi changu kinapungua, usiwe na wasiwasi.

Bi Harusi wako, aliyevimba kichwa

*

Tarehe 11 Mei

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Bahari huku imelala. Wiki tatu hakuna upepo wa maana, jua ni kali, na maji ya juu yamepata joto ambalo kwa kawaida huja mwezi wa saba. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, nadhani uliisikia. Maji mazito yaliyozama kaskazini yatakuwa mengi kuliko kawaida. Nayawaza sana hayo. Ninapoviringisha waya nayawaza yakiwa pale bondeni, yamefunikwa, yanatumia kidogo kidogo hewa yaliyonayo.

Ningependa Mama angoje. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Tutarudi kituo cha kumi na moja tarehe saba Juni, meli haiwezi kuacha ratiba yake kabla ya hapo. Kama chaza wangebaki kwenye trei mpaka nipime tena, moyo wangu ungetulia. Vyombo vyetu ni vya zamani, na mpimaji naye ni mtu. Mwambie Mama hivyo, kwa namna utakayoona inafaa.

Na wewe usiingie majini, nakuomba. Bado unakohoa na maji ya asubuhi ni baridi. Nilikusikia siku zile nne, ulikuwa unaficha kikohozi kwenye mto.

Shingo yako naiona hata nikifumba macho. Nisamehe, sijui naandika nini leo.

Mumeo

*

Tarehe 22 Mei

Mpenzi wangu mwenye hofu,

Nimecheka peke yangu chumbani mpaka Mama akaja kuuliza kama kuna mgeni. Yaani wewe, ili mke wako asiloweshe miguu, uko tayari kuwasimamisha wanawake tisa na trei sitini? Nimeelewa kila neno. Unaanza na jua, unapita kwenye baridi, unazungukia vyombo vya zamani, halafu mwisho kabisa ndipo unasema ulichotaka kusema tangu mwanzo, kwamba nisiingie majini kwa sababu nakohoa. Hakuna mwanamke aliyewahi kupendwa kwa mzunguko mrefu hivyo.

Nakiri kosa langu. Mama aliponiomba nimsomee barua yako Jumanne ile ilipofika, nilimsomea ya mbele na ya mwisho, ile karatasi ya katikati nikaikalia. Ningemwambiaje kwamba mwanawe anataka kazi yote isimame kwa ajili ya kikohozi changu? Angenitania mwaka mzima. Na baada ya mimi kusimama juu ya kreti mbele ya soko lote, nirudi kusema ngojeni? Wangesema mkwe hajui anachosema. Basi nikanyamaza, na nimefanya vizuri, kwa sababu juzi ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, ukiondoa ya harusi.

Maji yalikupwa mpaka magotini. Tulipanga mstari, kila mmoja na ndoo, tukawa tunamwaga kwa mkono taratibu wasirundikane. Mama alikuwa anawaita kwa majina anayoyabuni, nenda Kibogoyo, nenda Malkia, lala vizuri. Trei hamsini na nane tumezimaliza kabla ya maji kujaa. Mikono yangu imechanika yote na sioni maumivu. Nilivaa viatu vya mpira, na sikukohoa hata mara moja, kwa hiyo unaona.

Njoo mwezi wa saba. Nimekwisha kukosa subira.

Bi Harusi wako

*

Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Mkeo ameniachia nafasi kwenye bahasha. Mimi si mtu wa maneno ya barua, unanijua. Tumemwaga. Nina miaka thelathini na nane katika kazi hii na kila mwaka baada ya kumwaga nakosa usingizi wiki mbili. Mwaka huu nimelala. Baba yako angekuwepo angesema mtoto niliyemfundisha kushika koleo sasa anapima bahari, na angeudhika kwamba hashiki koleo.

Huyu binti uliyemuoa anaongea sana. Usimrudishe kwao.

Kula vizuri. Nguo za ndani nimekutumia tatu.

Mama yako

*

Tarehe 8 Juni

Mke wangu,

Barua hii umsomee Mama. Usimfichie neno.

Ijumaa ile, tarehe ishirini na tano Aprili, tulifika kituo cha kumi na moja saa nane mchana. Nilishusha chupa. Nikangoja dakika kumi, nikaachia tarishi. Nilipovuta waya kipimajoto kilionyesha joto la maji ya katikati. Maana yake ni moja tu. Tarishi hakugonga sawasawa kule chini, chupa ilipanda ikiwa wazi, ikaja kujifunga njiani. Nilikuwa na maji mikononi lakini hayakuwa ya bondeni. Kushusha tena kungechukua dakika arobaini, na maji ya bandarini yalikuwa yanaanza kupwa. Tungekosa kuingia, tungetia nanga nje mpaka kesho yake.

Nahodha alichungulia dirishani akaniuliza, "Tayari?"

Nikasema, "Tayari."

Nilikuwa nawaza shingo yako unapoinama kushona. Hakuna kingine nilichokuwa nawaza. Joto nililoandika ni la mwaka jana, nikabadilisha tarakimu ya mwisho lisifanane. Chupa nikaibandika karatasi ya maji ya chini nikaipeleka maabara. Wale wa maabara walipima kwa uaminifu maji niliyowapa, wakakuta yana hewa, wakaandika yana hewa. Usimlaumu hata mmoja wao. Nilijiambia kwamba miaka kumi na moja mfululizo namba za pale zimekuwa nzuri, na mwaka huu hazina sababu ya kuwa tofauti. Nilijua hilo si kweli. Baridi niliipima mwenyewe.

Jana tulirudi. Chupa imejifunga sawasawa. Nimeshusha mara tatu ili nisiwe na la kujitetea. Maji ya bondeni ni baridi, ni mazito, na hayana hewa hata kidogo. Yananuka. Yako hivyo kwa wiki nyingi. Tangu Alhamisi upepo unatoka nchi kavu. Ukiendelea utasukuma maji ya juu nje ya ghuba, na nafasi yake itajazwa na haya, yatapanda kutoka bondeni na kutambaa mpaka kwenye mashamba yenu. Kama bado kuna muda kokoteni chochote mtakachoweza, mrudishe kwenye trei.

Nimemwambia nahodha na nimeiandikia idara. Nitaendelea kupima mpaka wapate mwingine, kwa sababu sasa hivi hakuna. Kosa ni langu peke yangu. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua, wala aliyeweza kulizuia.

Niambie kama nirudi nyumbani.

Mumeo

*

Tarehe 1 Julai

Mume wangu,

Barua yako ilifika Jumanne ya tarehe kumi Juni. Maji yalikuwa yamekwisha kufika tangu Jumapili.

Tuliyajua kwa kaa. Asubuhi Mama alinipeleka gatini nione kitu ambacho hata yeye alikuwa hajawahi kukiona, kaa mamia wamepanda nguzo za gati mpaka juu ya usawa wa maji, wamekamatana miguu, hawatembei. Samaki wadogo walikuwa wameleta midomo juu. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani mabichi, na harufu ya mayai viza iliingia mpaka jikoni. Kina mama waliingia na reki. Walichokuwa wanakipandisha kilikuwa tayari kimefunguka mdomo. Tulikokota siku mbili hata hivyo. Mama alikuwa anagonga kila ganda kwa kidole, mojamoja, anasikiliza, halafu analiweka kwenye ndoo taratibu, kama angeweza kuliumiza.

Wakati huo walikuwa wanamtukana mzee wa maabara. Mama Pacha alisema chupa zetu walizichanganya kwa uzembe, na kwamba wangekuwa na mtu wa ndani kama wewe tangu zamani wangekuwa wamekwisha kumshtaki mzee huyo. Mama alisema utakaporudi utawaonyesha makosa yao. Ndipo boti ya mahitaji ikaleta bahasha.

Nilimsomea tukiwa tumekaa kwenye trei tupu. Nilipofika pale penye shingo yangu nilitaka kuuruka mstari.

"Soma yote," akasema.

Nikasoma yote. Akaniomba nirudie tangu mwanzo, nikarudia. Alinawa mikono, akavaa viatu, akaniambia nichukue barua tuondoke.

Tulikwenda nyumba nane. Katika kila nyumba Mama alibisha hodi, akakataa kiti, akasema mkwe wangu ana barua ya mwanangu. Kisha alisimama nyuma yangu. Nimesoma mbele ya waume za watu na watoto wao jinsi ulivyokuwa unaiwaza shingo yangu. Katika nyumba ya tatu mtoto alicheka, mama yake akamtoa nje. Katika nyumba ya tano yule bibi aliyeuliza habari za mahari alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimekula. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Pacha. Kufikia hapo sikuhitaji tena kuitazama karatasi. Mama Pacha alinishika mkono, akasema pole mwanangu, umeolewa na mtu wa namna hii na wewe hukujua.

Wote walinipa pole. Nyumba zote nane. Kwa sababu umeniacha nje ya barua ile. Umeandika hapakuwa na mtu aliyeweza kulizuia, nami nimelisoma hilo mara kumi kwa sauti yangu.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Mama. Nilimwambia kwamba tarehe kumi na moja Mei uliandika angoje, na kwamba karatasi ile niliikalia, na kwa nini. Nilimwambia na habari ya kreti. Aliendelea kutembea, sikujua kama amenisikia, mpaka tulipofika kwenye lango.

"Ungeniambia ile Jumanne," akasema, "ningengoja."

Hajasema lingine. Wiki tatu sasa. Hanifukuzi na haninunii. Ananiwekea chakula, ananianulia nguo mvua inapokuja. Asubuhi hagongi trei. Kina mama wanne wameacha kuja gatini. Mmoja amekwenda kufua kwenye nyumba za wageni, wengine sijui wanafanya nini, tukikutana tunaangalia pembeni. Zimebaki trei mbili za Mama Pacha. Amezihamisha upande wake wa gati na amezifunga kwa kamba mpya. Hazitoshi hata kwa mtu mmoja. Kulea mbegu nyingine ni miaka miwili, na Mama hajagusa punje.

Nilimuuliza kama urudi nyumbani. Alisema mimi ndiye mkeo. Kwa hiyo nakujibu mimi. Usirudi. Nimekaa na jibu hilo siku nyingi nikitafuta mahali ambapo lingekuwa tofauti, na sijapaona. Ukija utaingia kwa mlango huu, utaniona, nitakuona, na tutakuwa wawili tunaopendana katika nyumba ambayo kupendana huko ndiko kulikoimaliza. Sijaacha kukupenda. Ningeacha ingekuwa nafuu, ningefunga mizigo nikaenda kwetu nikasema nilidanganywa. Lakini hukunidanganya. Uliniandikia, nami nikaisoma kama nilivyotaka iwe.

Fundi wa idara amekuja kuchukua tangazo kwenye ubao. Alilibandua taratibu lisichanike, akalikunja, akaondoka nalo. Hawajabandika lingine.

Usiniandikie tena kuhusu shingo yangu. Niandikie namba za kituo cha kumi na moja, joto na chumvi na hewa, kila unapopita pale, mpaka watakapokuondoa. Chupa ikifunga, andika imefunga. Isipofunga, andika haikufunga. Sidhani nitaziamini. Nitazisoma.

Mke wako